Mlango wa Meza ya Futi

Bi Mkasi alikuwa na miguu mibovu na mikono mizima, na hakuona sababu ya kulalamika, maana cherehani ya umeme haina haja na miguu mingi. Chumba chake cha kushonea kilikuwa cha mbele, kinatazama barabara. Meza ya kukatia ilikaa dirishani, cherehani katikati, na ukutani zilining'inia nguo za watu zikiwangoja wenyewe. Jina la Mkasi alipewa na wateja, kwa sababu hakuwa akipima. Mtu akiingia alimtazama toka begani hadi kifundoni, akamgeuza kwa kidole kama anayegeuza mkate, akachukua chaki, akachora juu ya kitambaa chenyewe, kisha mkasi ukala.

"Hunipimi, Bi?" mteja mgeni aliuliza.

"Nimeshakuona," alijibu, na ndiyo ilikuwa imetoka hiyo.

Mdogo wake, mama mmoja baba mmoja, walimwita Futi, maana futi ya kupimia haikumtoka shingoni hata akienda dukani kununua chumvi. Huyo alimpima mtu, akarudia kumpima, akachora kwenye karatasi ya kaki, akakata karatasi, akaibana kwenye kitambaa kwa pini, akazunguka meza akiikagua, ndipo akathubutu. Walifundishwa na fundi mmoja katika chumba kimoja, na kila mmoja alitoka mle na dini yake.

"Wewe unakata kwa kiburi," Futi alikuwa akisema.

"Na wewe unakata kwa woga."

Walizungumza hivyo maisha yao yote, na watu wasiowajua walidhani wanagombana.

Futi aliolewa mji mwingine, na huko akaanza kuandika. Alifungua tovuti yake mwenyewe, akaiita Meza ya Futi. Humo alieleza namna ya kukata kola, namna mkono unavyoingia kwapani bila kuvuta, namna ya kulaza bitana, kile kitambaa cha ndani, isichungulie chini ya pindo. Aliandika kama alivyosema, na hakukosa pa kumchokoza dada yake. "Ninamjua fundi mmoja, mkubwa kwangu, yeye hapimi," aliandika. "Mabega ya wateja wake yote yako sawa kwa sababu ameyaamuru." Watu walicheka hadi nchi za mbali. Bi Mkasi alisoma polepole, midomo ikitembea, maana shule yake ilikuwa fupi, na alipofika mwisho alisema peke yake chumbani, "Mshenzi huyu." Kisha akarudia kusoma.

Mwanzoni alikuwa akimfuatilia kwenye ule mtandao mkubwa ambako kila mtu yumo. Lakini mtandao ule una akili zake. Leo unakuonyesha mdogo wako, kesho unakuonyesha watu wasiokuhusu wanakata viuno vyumbani mwao, kesho kutwa mdogo wako kafichwa na hujui kama ameandika au amenyamaza. Bi Mkasi hakupenda kupakuliwa sahani na mtu asiyejua anachokula. Akaichukua simu, akaipeleka kwa Chaji.

Chaji alikuwa fundi simu wa kibanda cha jirani, mwanamume mwenye upara na wajukuu. Jina lilimbakia tangu enzi za kuchajia watu simu, akawa hata kwenye harusi za wanawe anaitwa Chaji.

"Nikimtaka mtu nimpate yeye mwenyewe," Bi Mkasi alimwambia. "Nisiletewe na majirani zake."

"Basi ondoka sokoni, Bi mkubwa. Kuna programu hapa. Unaiambia tovuti unazozitaka wewe, basi. Yenyewe inakwenda kuchungulia kwa mmoja mmoja, ikikuta jipya inakuletea, la kwanza la kwanza, la pili la pili. Haikuchagulii, haikufichi. Na unayemsoma hajui kama unamsoma."

"Hajui kabisa?"

"Kama umepita dirishani kwake kimyakimya."

"Niwekee."

Hilo la mwisho ndilo lililomtia raha. Programu ile akaiita Tarishi, kwa kuwa ilikuwa inakwenda na kurudi na habari kama matarishi wa ofisini. Akampa Tarishi kazi ya kupita kwa watu wa hali ya hewa, kwa mwagizaji mmoja wa vitambaa, kwa mzee fulani wa mbali anayefufua cherehani za zamani na kuzipiga picha, na kwenye Meza ya Futi. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha cherehani, alifungua aone kilicholetwa. Kipya kilikuja kwa maandishi mazito. Akishakisoma kilikonda.

Sasa Futi akaja juu. Alipiga simu siku moja, sauti imekunjwa.

"Dada, huingii kwangu."

"Kwako wapi?"

"Kwenye Meza. Huku ninawaona walioingia. Naona watu wa nchi ambazo sijui ziko wapi, wa kwenu huko hakuna hata mmoja."

"Nakusoma."

"Unanisomea wapi?"

"Kwangu. Tarishi ananiletea hadi kitandani. Sina haja ya kukanyaga mlango wako."

Futi akacheka kile kicheko chake cha puani. "Haya, mama. Tutaona kama hutaukanyaga."

Tangu siku hiyo, alichokileta Tarishi kutoka Meza ya Futi kikawa nusu. Kilikuja kichwa, ikaja mistari ya mwanzo, halafu chini yake pameandikwa: "Mwisho uko mezani. Ingia ndani." Ukibonyeza maneno hayo ulipelekwa kwenye tovuti yenyewe, Futi akaona mgeni kaingia. Wasomaji wengine walibonyeza wakaendelea na maisha yao. Bi Mkasi alielewa mara moja mtego ni wa nani, na akala kiapo kwamba kidole chake hakitagusa hapo.

"Nilianza kushona yeye anatambaa," alimwambia Chaji. "Nitashindwa kujua mwisho wa mfuko?"

Basi yakalundikana kwa Tarishi mianzo mitupu. Mwanzo wa mfuko wa ndani, mwanzo wa kola ya kulala, mwanzo wa zipu isiyoonekana. Na kwenye simu ikawa ndiyo salamu yao.

"Umeingia?"

"Sijaingia."

"Mlango uko wazi."

"Uache wazi, upate hewa."

Wakacheka wote wawili, halafu wakaulizana dawa za presha.

Kisha Futi akafa. Presha ilimpanda akiwa amesimama kwenye meza ya kukatia, akaanguka na futi yake shingoni. Bi Mkasi alikwenda, akazika, akarudi. Watu walimtazama machoni wakitafuta machozi, hawakuyapata, wakaanza kunong'ona kwamba yule ana moyo wa chuma. Mwenyewe hakuona chuma popote. Aliona kama mguu uliolaliwa ukafa ganzi: unauona uko pale, ukiugusa unaona umegusa wa mtu mwingine. Kesho yake aliwasha cherehani. Sindano ikamwingia kidoleni, na alikaa akiitazama damu ikisambaa kwenye kitambaa cheupe cha bibi harusi mtarajiwa, akiwaza tu kwamba hiyo itataka maji ya baridi. Maumivu yalikuja baadaye, nayo yalikuja kidogo, kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa.

Chai alipika akaisahau. Wateja waliingia, akawaona, akawakatia. Nguo zilitoka nzuri. Hakuna aliyerudisha nguo msimu ule, na yeye mwenyewe alishangaa kidogo, maana hakukumbuka kuzishona. Kila asubuhi alifungua Tarishi kwa mazoea. Mvua au jua, vitambaa vimefika, cherehani imefufuka. Na Meza ya Futi ilikaa pale chini, kimya, na yale ya mwishomwisho bado mazito, hayajasomwa. Hakuyasoma. Hakuyafuta. Aliyapita kama unavyopita kiti cha mtu aliyetoka kidogo.

Mwaka ulipogeuka akaja binti wa Futi. Alikuwa mtoto wake wa pekee, mwanamke mzima, anamalizia kusomea ukunga. Aliingia na furushi la karatasi ya kaki, akaliweka juu ya meza ya kukatia.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Umekonda."

"Mitihani."

"Mitihani haili nyama. Kaa. Hilo nini?"

"Koti langu. Mama alilikata, hakuwahi kuliunga. La kuvaa siku ya kupokea cheti."

Bi Mkasi hakuligusa furushi. "Mafundi wa huko wamekatika mikono?"

"Nimewapelekea. Kila mmoja anasema hashoni kazi iliyokatwa na mtu mwingine."

"Wamesema kweli. Ni mwiko wa kazi. Hujui mwenzio alikata akifikiria nini. Hata mimi sishoni."

"Ndiyo nimekuja kwako," mkunga akasema. "Wewe si mtu mwingine."

Bi Mkasi akalifungua furushi shingo upande, akavitandaza vipande. Ilikuwa sufu ya kijivu. Mbele mbili, mgongo, mikono, kola, mifuko, bitana, kila kimoja kimekatwa ukingo safi kama kimechanjwa kwa wembe. Akaviweka mahali pake, mtu akatokea juu ya meza, amelala. Kikabaki kimoja. Kilikuwa kidogo, kimepinda kama ukucha uliokatwa, cha sufu ileile. Akakijaribu kwenye kola, kikakataa. Akakijaribu kwenye mfuko, kikakataa. Kiunoni, kifuani, kwenye pindo la mkono. Hakikuwa na mwenzake, na kwenye koti kila kitu kina mwenzake isipokuwa mgongo.

"Hiki cha wapi?"

"Sijui, mama mkubwa. Nilidhani wewe utajua. Aliyaandika yote kwenye tovuti, ilikuwa kazi yake ya mwisho. Juzi nilijaribu kuingia, haikufunguka. Simu yake nayo imejifunga na namba yake ya siri hakuna anayeijua."

Futi hakuwa mtu wa kukata kipande kisicho na kazi. Dunia nzima ingeweza kupoteza kitambaa, yeye hapana. Bi Mkasi akachukua simu, akafungua Tarishi, akashuka chini kwenye Meza ya Futi. Akakuta kuna kipya.

Jina lilikuwa lilelile, Meza ya Futi, na mbele yake maandishi mazito ya asubuhi ile: "Zungusha gurudumu, zawadi yako inakungoja." Chini yake kingine: "Bashiri leo, kesho unacheka." Aliyasoma yote mawili hadi mwisho, midomo ikitembea. Alingoja aone kama atakasirika. Hakukasirika. Akashuka zaidi, akaikuta ile habari aliyokuwa akiipita.

"Koti la binti yangu," Futi aliandika. "Sufu ya kijivu, kwa sababu ukunga ni kazi ya kulowa, na kijivu kinasamehe. Nimekata mbele, nimekata mgongo, mikono, kola na bitana. Mkihesabu mtaona kimezidi kipande kimoja kidogo, ambacho hakimo kwenye koti la mtu mwingine yeyote. Dada yangu akikiona atasema nimepoteza kitambaa. Kazi yake ni hii." Na hapohapo chini: "Mwisho uko mezani. Ingia ndani."

Alimwacha mkunga na chai, akajikongoja hadi kwa Chaji.

Chaji aliiangalia simu muda mrefu, akajikuna upara. "Bi mkubwa, pole. Jina la tovuti ni kama chumba cha kupanga. Mwenyewe asipokuja kuendeleza, linapewa mwingine. Hawa wa kamari wanayatafuta majina kama haya, yenye watu waliozoea kuja."

"Na Tarishi haoni kwamba huyu si Futi?"

"Tarishi anajua mlango tu. Anabisha palepale, akifungua mtu mwingine anapokea alichopewa."

"Mwisho wa ile habari ya koti?"

"Ulikuwa ndani. Ndani wamehamisha kila kitu." Alibonyezabonyeza kwenye simu yake mwenyewe, akatafuta huku na huko wanakohifadhi kurasa za zamani, akatikisa kichwa. "Haupo. Ungekuwa umeingia wakati ule..." Akaumeza mwisho wa maneno yake.

"Sema."

"Hakuna. Nimfute Futi humu kwa Tarishi? Nikimfuta hawa hawatakuletea tena uchafu. Ila na mianzo yake yote itaondoka."

"Wacha."

"Kila siku watakuletea gurudumu kwa jina lake, Bi."

"Nimesema wacha, Chaji. Nenda kachaji."

Akarudi. Njiani hakuwaza kitu. Aliona viatu vya watu, akaona ni viatu.

Alianza kuunga koti siku ileile, maana siku ya cheti ilikuwa inakuja na mkunga alikuwa ameomba ruhusa fupi kwa wakubwa wake. Aliunga mgongo na mbele. Aliunga mifuko. Mikono aliyoikata Futi iliingia kwapani kama ufunguo kwenye kitasa chake, bila kuvuta, bila kukunja. Bi Mkasi alishona akiona namna mwenzake alivyopima, akarudia kupima, akazunguka meza. Haikumuuma. Ilikuwa kazi nzuri na alishona kazi nzuri. Kile kipande kilikaa pembeni ya cherehani, na kila alipokata uzi kilikuwa kinamtazama.

Koti bila kile kipande lilikuwa koti. Mtu angelivaa, angepokea cheti, angepigwa picha. Ni yeye tu angejua kwamba amelimaliza likiwa pungufu, na kwamba upungufu ule ulikuwa umbali wa kidole kimoja kubonyeza, miezi yote ile ambayo mlango ulikuwa wazi.

Mkunga alisimama dirishani na kikombe, amempa mgongo, anatazama watoto wa shule wanavyovuka barabara. Alikuwa amevaa blauzi nyepesi. Bi Mkasi aliinua macho kutoka kwenye sindano ili ayapumzishe, yakatua mgongoni mwake. Akayaacha hapo. Wateja wake aliwatazama hivyo kila siku, lakini huyu hakuwahi kumkatia nguo. Tangu utoto wake nguo zote alishonewa na mama yake, na katika nguo za mama yake alikuwa amenyooka kama mshumaa.

"Simama hivyohivyo," alisema.

"Kuna nini?"

"Hakuna. Kunywa chai."

Bega la kushoto lilikuwa chini. Kidogo sana, kiasi cha unene wa kitambaa kilichokunjwa. Asiye fundi asingeliona hata kama angemwoa. Futi aliliona kwa kupima, tena labda mtoto akiwa bado wa kubebwa, na kwa miaka yote hiyo alikuwa analijaza kimyakimya, gauni kwa gauni, sare kwa sare, bila kumwambia mwenyewe.

Bi Mkasi akakichukua kile kipande, akakiweka kati ya sufu na bitana, bega la kushoto, upinde ukielekea shingoni. Kikalala. Huenda ndipo mahali pake. Huenda upinde ulitakiwa kuelekea mkononi, au kilitakiwa kukunjwa mara mbili. Anayejua hayupo, na alichokiandika kimetupwa. Akakishona kwa mkono, mishono midogo, akafunga bitana juu yake, akapiga pasi.

"Vaa."

Mkunga alivaa, akasimama mbele ya kioo. Mabega yakawa sawa. Alijigeuza, akajivuta mikono, akajitazama kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

"Ni kama la mama," alisema. "Na kile kipande?"

"Kimo."

"Wapi?"

"Ndani."

"Kazi yake nini?"

"Kazi yake kukaa ndani. Vua nikukunjie, utalichafua."

Mkunga akavua. Akamkumbatia mama yake mkubwa, na Bi Mkasi akakumbatiwa, mikono ikining'inia, kisha mmoja ukapanda wenyewe ukampigapiga mgongoni, palepale chini ya bega.

"Utakuja siku ya cheti?"

"Na miguu hii? Nenda. Nitakuona kwenye picha."

Alipoondoka chumba kikawa kama kilivyokuwa. Ukutani ilining'inia suruali ya mwalimu ya kupunguzwa kiuno, na mwalimu mwenyewe alikuwa ameahidi kupita mchana. Bi Mkasi hakuishusha. Alikaa kwenye kiti chake cha cherehani, akafungua Tarishi. Meza ya Futi ilikuwa imeleta jingine la gurudumu. Akalipita, akashuka kwenye koti la binti, ambalo maandishi yake sasa yalikuwa yamekonda. Akasoma tena hadi "Kazi yake ni hii."

"Bega," akasema. "La kushoto."

Chini yake yalikuwa yale maneno. Alijua kilichokuwa huko, Chaji alimweleza vizuri. Aliweka kidole juu ya maneno yale, akakiacha hapo kama anavyojaribu joto la pasi, kisha akabonyeza.

Kioo cha simu kikajaa nyekundu na dhahabu. Gurudumu kubwa lilisimama katikati, na juu yake yaliwaka maneno: "Karibu, mgeni mpya." Kama kuna mtu huko anayehesabu wanaoingia, aliona mmoja kaingia, kutoka mji ambao haukuwahi kumleta mtu.

"Haya," Bi Mkasi alisema. "Nimeingia."

Gurudumu lilingoja kuzungushwa. Hakulizungusha. Nje mwalimu alikuwa amefika, anabisha hodi kwa kuusugua mlango na kiatu, kama kawaida yake. Bi Mkasi hakuitika mara moja. Alikaa mle ndani kitambo, kama mtu aliyefika nyumbani kwa watu akawakuta hawapo, na hataki kuondoka upesi, wasije wakasema hakufika.